Robota la Jinzi

Mvua ilikuwa imeulegeza ukuta wa juu wa bustani, iliyochongwa ngazi ngazi mlimani, mpaka ukatoa tumbo. Bibi wa Kichina aliyewapangishia stoo Bibiana na shemeji yake, waliofika nchini kwake kununua nguo, aliukinga kwa mikono miwili, tope zito kama uji wa ulezi likimchuruzika kati ya vidole. Chini ya ukuta kulikuwa na nyumba aliyoijenga babu wa bibi huyo, yenye milango ya nakshi. Upande wa pili, mashine za ghorofa jipya ziliendelea kuuchimba mlima.

Bibiana alisimama uani na robota lake la jinzi kichwani. Kwao Upareni, ukuta ukishatoa tumbo hivyo haumsubiri mtu.

"Shemeji, twende!" mdogo wa mumewe aliita kutoka getini. "Kontena linafungwa leo!"

Jiwe lilichomoka, likabingirika hadi mlangoni.

Bibiana alipanda mbio, akaliegemeza robota kwenye lile tumbo, akalikandamiza kwa mgongo mpaka mawe yakaacha kucheza.

"Buyao! Buyao!" bibi alikataa, akijaribu kulivuta robota litoke. Bibiana hakubanduka.

"Shemeji, huo ni mzigo wetu!"

"Naujua, nimeununua mwenyewe. Lete robota la pili."