Mgongo Mlangoni

Tik. Komeo la choo lilifungwa kwa ndani, gizani, kabla hakujapambazuka. Mke akajua mumewe amejifungia tena. Na asubuhi hii ndiye wa kusimama makaburini kumzungumzia Kipara, sahibu yake wa tangu jeshini.

Zamani akijifungia hivi, Kipara ndiye aliyeitwa. Hakugonga wala kubembeleza. Aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo mlangoni, akaanza utani: "Toka, afande, adui wa humo ni mende tu!" Kicheko kilitangulia kutoka, mtu akafuata.

Leo wa kuitwa ndiye anayezikwa.

Mke akaketi palepale, mgongo mlangoni. Saruji ilikuwa baridi. Upande wa pili mumewe naye alikuwa ameegemea. Ubao mwembamba ulisukumwa na kuachiwa kwa pumzi zake.

"Afande," akajaribu, "mende wamekuteka?"

"Usiniite hivyo, mama watoto. Utani huo ni wa Kipara."

"Basi toka, watu watakungoja makaburini."

"Nikitoka, ndiyo amekufa kweli."



Binti yao akaja akiburuta shuka, akaupiga mlango kwa kiganja.

"Baba, nataka kukojoa."