Nyumba Iliyokuwa Ikiitika

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja na nusu jioni, Imalingat aliibip nyumba yake kutoka Busia, na nyumba haikuitika.

Alirudia. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia nambari hiyo haipatikani. Alipofika kwake Mukuju, upande wa Uganda, alikuta lango giza, pampu kimya, tangi kavu kama koo la mlevi asubuhi.

"Wamenifungia laini," akasema peke yake. "Wakubwa hawa! Walianza kwa kutaka kitambulisho, wakaja wakataka kidole, sasa wanataka na maji yangu."

Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kuuza sufuria upande wa Kenya tangu amzike mkewe, Akongo.

Mtambo wenyewe ulikuwa kisanduku cheupe ukutani, juu ya swichi, na ndani yake laini ya simu. Miaka kumi na mmoja iliyopita aliuza ng'ombe wawili akaununua. Kazi yake ilikuwa rahisi. Akifunga biashara, anaupigia; ukilia mara moja, anakata. Bip haili hata shilingi. Akifika nyumbani anakuta taa za lango zinawaka, tangi limejaa, maji ya kuoga yapo. Mukuju nzima hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kwenye chungu cha malwa, pombe ya wimbi, alijisifu, Akongo akisikia: "Huyu wa ukutani namwita mara moja tu. Huyu mwingine namwita mara tatu, na bado anataka kula."

Watu walicheka. Akongo naye alicheka.

Hata mwezi wa tano, Akongo alipolazwa hospitalini Tororo wiki tatu, mtambo haukukosa jioni moja. Imalingat alikwenda kumwona mgonjwa Jumapili mbili. Siku nyingine tajiri wake, mwenye sufuria, alimnyima ruhusa. Kumpigia simu kuvuka mpaka nako kulikula pesa. Wakubwa wa pande zote mbili walilijua hilo na hawakuona haya.

Jumamosi alimleta fundi, Oboth, kutoka Tororo mjini. Felistus, jirani yake, alikuwa amekuja na ugali wa wimbi umefunikwa kwa sahani, kama alivyofanya tangu matanga.

"Yoga, papa," Felistus akamsalimu. "Unauaga mtambo?"

"Naaga, nifanyeje? Wameuua." Akapangusa vumbi la kisanduku kwa kiganja. "Umenitumikia, bwana. Hujanuna, hujaugua. Kwenye nyumba hii ni wewe peke yako uliyekuwa unanisikia."

Felistus aliinamisha macho.

Oboth alifungua skrubu. Ndani palikuwa peusi, pameungua, na mjusi alikuwa ametaga mayai matatu.

"Mzee, hii kitu ilikufa na radi. Si jana. Miaka sita, saba."

"Wewe fundi gani! Mwezi uliopita imenijazia tangi!"

"Imejaza na nini? Hata laini haimo."

"Basi wameiba laini!"

"Mwizi gani, mzee, na mjusi iko analala humo?"

Imalingat akaanza kuwataja wezi mmoja mmoja: kampuni ya laini, watu wa umeme, diwani, tajiri wake. Walipokwisha akamgeukia fundi.

"Papa, nyamaza," Felistus akasema. "Mwache fundi wa watu. Laini aliitoa Akongo."

"Akongo?"

"Radi ilipopiga, aliitoa akaiweka kwenye simu yake ndogo ya tochi. Alisema ukijua ng'ombe zako wawili wamekufa na radi ndani ya nyumba, utawafuata. Basi ukibip, yeye anawasha. Hii ya taa, hii ya pampu. Hakuna kingine."

Imalingat alizitazama swichi. Pembeni mwa ile ya pampu, rangi ya ukuta ilikuwa imelika, mahali pa kidole kimoja.

"Uongo," akasema, lakini polepole. "Alikuwa hospitalini. Wiki tatu. Na taa ziliwaka."

"Simu alikwenda nayo. Ukibip huko Busia, inalia kitandani kwake Tororo. Halafu ananipigia mimi: 'Mama Fidel, mbio ukawashe, baba yao anavuka mpaka.' Ufunguo alikuwa ameniachia."

Oboth alijifanya anatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Imalingat alitaka kumtaja mtu wa kulaumiwa. Mdomo ulifunguka, jina halikuja.

"Kila jioni?" akauliza.

"Kila jioni. Alikuwa anafurahi, hata. 'Leo yuko mzima,' ananiambia, 'amebip.' Lakini ile jioni ya mwisho, papa, ndiyo inayoninyima usingizi mimi. Wewe siku zote unakata ikilia mara moja. Siku ile ililia mara nne. Alinipigia sauti imemwisha, lakini anacheka. Akaniambia, 'Mama Fidel, leo amejua kuwa ni mimi.' Alikuwa anaitafuta kwenye shuka aipokee, ikakatika."

Felistus aliiweka sahani mezani, akamtazama usoni.

"Ulikuwa umejua?"