Gari la Viti Viwili

Siku hizi gari haliondoki mpaka abiria aseme anamwamini dereva, na gari lenyewe linapima sauti kujua kama anasema kweli. Letu ni la mbio, jekundu, viti viwili tu, ndiyo maana mwanetu Lusajo tulimwacha kwa bibi yake.

Kila tuliposimama, mke wangu Tumpe alisema "Namwamini" huku akimenya chungwa, na injini ikanguruma. Tulipofika Makambako alisema vilevile. Gari likanyamaza.

"Hebu rudia," nikamwambia.

Akarudia. Kimya.

Sikukasirika. Nilitaka tu kujua kimeingia nini kati yetu tangu Iringa. Hatukugombana. Hata kuongea hatukuongea. Nilikuwa nafurahia kona za Mafinga.

"Tubadilishane, Baba Lusajo," alisema kwa sauti ndogo.

Nikahamia kwenye kiti chake, kikiwa bado na joto. "Namwamini," nikasema, na injini ikawaka papo hapo.

Tumpe alishika usukani lakini hakuondoa gari. Alinitazama kwa mshangao.

"Ulivyokaa kimya tangu Iringa," alisema, "nilidhani umeshajua."