Chumba Baridi cha Manka

Joto la kiangazi lilikuwa limepanda hata kileleni Kibo, na sheria ilikuwa moja: hakuna mchezaji wa skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, aliyeruhusiwa kukanyaga barafu iliyobaki akiwa na joto la kawaida la mwili. Wote waliojiandaa kwa mashindano waliishi katika vyumba baridi majumbani kwao, wasije wakaiyeyusha.

Huko Marangu, Ndeshi alikuwa amekaa miezi mitatu bila kumgusa bintiye Manka, mmoja wa wachezaji hao. Jumapili binti alitoka chumbani, akaketi mezani. Mama akampakulia mtori wa moto, supu nzito ya ndizi na nyama.

“Acha upoe kwanza, mama.”

“Umekonda, mwanangu. Mazoezi yanaendaje?”

“Vizuri. Kocha anasema siku hizi nikipita, theluji hainihisi kabisa.”

Kwa furaha Ndeshi akajisahau, akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akatafuta mapigo ya mshipa, asiyapate. Akajaribu mkono wa pili.

“Usihangaike, mama,” Manka alisema kwa upole. “Yalikoma tangu Jumanne. Wala siumwi.”

Chini ya vidole vya Ndeshi, ngozi ya binti ilianza kudondosha maji. Akamwachia upesi, akaenda kumfungulia mlango wa chumba chake baridi.