Shanga za Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo alikuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha CT scan, wampime tumbo lililomtesa tangu mfungo uishe, mpiga picha alipomuuliza tena kama ana chuma chochote mwilini.

"Sina, mwanangu. Hata hereni nimevua."

Kitanda kikaingia kwenye lile duara, kikatoka. Mpiga picha akarudi.

"Bibi, picha imeharibika. Kiunoni kuna vitu vya chuma. Ngoja nimwite mwenzako akusaidie kuvivua."

Kabla hajakataa, mkwewe Saumu alikuwa ameshaingia.

Bi Mwanakombo akageuzia uso ukutani. Ni yeye aliyemwambia Saumu, mbele ya kina mama wa maulidi, kwamba shanga zinazolia njiani ni za mwanamke asiyejistahi. Na yeye mjane, tasbihi haimtoki mkononi, alikuwa na zake, zenye punje za shaba, alizotungiwa na marehemu.

Saumu akapeleka mikono chini ya kanga, akafungua mafundo bila kutazama.

"Usinicheke," Bi Mwanakombo akanong'ona.

"Nikucheke nini, mama? Wewe tulia tu, usijitikise. Wakikwambia ubane pumzi, bana."

Nyuzi zilikuwa nyingi, mkononi hazienei. Saumu akainua dera lake, akazifunga kiunoni mwake mwenyewe, akatoka.

Mlango ukafungwa. Huko ukumbini, katikati ya watu waliokaa wakingoja zamu, shanga zikasikika zikilia, taratibu, bila haraka yoyote.