Mwalimu wa Kuzamia

"Wanafunzi wako wangapi wamekufa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Mama Wema kwa kila mwalimu aliyefika nyumbani kwake Kolandoto. Wa kwanza alijibu kwamba kifo ni mipango ya Mungu. Aliondoka kabla chai haijapoa. Wa pili aliwasha sigara akiwa ameukalia mtungi wa hewa.

Duara la Mama Wema, shimo la dhahabu kule Mwakitolyo, lilikuwa limefurika, na pampu imezama mita arobaini chini. Fundi pampu alikuwa Wema, bintiye wa pekee, naye alishaapa kuifuata huko huko. Basi angalau afundishwe na mtu wa maana. Tangazo lilibandikwa dukani kwa Rushabh, fupi kwa kuwa karatasi ilikuwa ndogo: Anatakiwa mwalimu wa kuzamia, mzoefu, mwenye vyeti.

Wa tatu aliitwa Eliya. Alitoa shikamoo, akakaa ukingoni mwa kiti, karibu na mlango.

"Hakuna aliyekufa, mama. Nimefundisha kumi na wanne, wote hai. Mmoja ni kinyozi Ugiriki, hunipigia kila Krismasi."

Akaulizwa amezamia wapi. Istanbul, Piraeus, Marseille. Na giza je? Giza, alisema, ni la kuzoea. Kinachoua mtu ni papara. Ukiwa chini unatulia, unapumua kidogo kidogo, hugongi chuma. Siku moja hewa iliwapungukia, wakapumua kwa zamu watu watatu.

Na kupanda juu? Hapo Eliya alikunja uso.

"Usipande mapema. Wengi huharibikiwa hapo."

Mama Wema akamtazama bintiye: unasikia? Kisha akaomba vyeti. Eliya akakunjua karatasi tatu zenye mihuri ya serikali tatu, kwa lugha ambazo hata Wema hakuweza kuzisoma. Mama Wema alizipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi Wema alisimama kwenye mdomo wa duara, mitungi miwili mgongoni. Eliya alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa makoti mawili, na pakiti za biskuti kwapani. Alilichungulia shimo, akalizunguka, akatazama mashamba ya pamba hadi macho yalipokoma. Halafu akamvuta Mama Wema pembeni.

"Mama," alinong'ona, "hiyo meli ya Ulaya inatia nanga upande gani?"