Dakika Ishirini na Mbili

Sheria ilitaka ndugu wa mgonjwa achague ndege mwenyewe. Akiru alisimama kwenye kiwanja cha ndege cha Lokitaung, mumewe Ekai akihema kwa shida juu ya machela, na skrini ikamwonyesha ndege mbili ndogo, kila moja na injini mbili.

"Hii itafika Eldoret dakika ishirini na mbili kabla ya ile," muuguzi alimweleza, "lakini injini moja ikizimika, haivuki milima. Ile nyingine huvuka hata kwa injini moja."

Akiru alichagua ile ya polepole.

Injini zote mbili zilinguruma vizuri safari nzima. Ekai alikata roho dakika kumi kabla ya kutua Eldoret.

Jioni binti yao alipiga simu.

"Mama, mlipanda ipi?"

"Iliyo salama," Akiru alijibu, akaendelea kukunja shati la Ekai.